Kupima Maradhi ya Akili: Picha za Ubongo na Simu za Mkononi

Fungueni madaftari yenu, na wale wenye kitabu hiki mkononi wafuate kwa kidole taratibu ninaposoma.

Juma lililopita tulizungumza habari za Bwana Laveran, daktari Mfaransa, ambaye mwaka 1880 huko Algeria alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini akaviona vidudu vya malaria. Tangu hapo malaria ikawa na shahidi. Tone la damu huwekwa juu ya kipande cha kioo, mpimaji hutazama, kisha husema: vidudu vimo, au havimo. Hakuna haja ya kubishana.

Leo nataka kuwaelezeni habari za maradhi ambayo mpaka sasa hayana kioo cha namna hiyo. Ni maradhi ya akili. Fikirini mtu aliyeletwa hospitali na ndugu zake. Hali chakula, halali usingizi, hasemi na watu, na kazi aliyoipenda zamani haitaki tena. Daktari humpima joto, akaona ni sawa. Humpima damu, akaona haina vidudu. Sasa daktari aandike nini katika cheti?

Hana budi kuuliza. Humwuliza mgonjwa: Je, katika majuma mawili yaliyopita, ni siku ngapi umeona huzuni? Ni siku ngapi umekosa usingizi? Mgonjwa hujibu kadiri anavyokumbuka. Lakini wewe unayesoma, ambaye hujambo kabisa, jaribu kukumbuka Jumanne ya juma lililopita ulilala saa ngapi. Pengine huwezi. Basi mtu ambaye huzuni imemfunika kama ukungu atakumbuka nini? Na mwingine anakumbuka vizuri, ila anaona aibu kusema mbele ya mkwe wake aliyemleta.

Mwalimu, andika neno hili ubaoni: KIPIMO. Ki-pi-mo. Historia ya leo ni historia ya kutafuta kipimo.

Andika na neno la pili: SONONA. So-no-na. Sonona ni huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa. Huzuni ya kawaida huja na msiba, kisha huondoka kidogo kidogo. Sonona hukaa juma baada ya juma, ikamnyang'anya mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za kazi, na mara nyingine hata hamu ya kuishi. Majirani hunena kuwa ni uvivu, au kuwa mtu amerogwa. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Hao si wavivu milioni 280.

Sasa turudi nyuma miaka zaidi ya mia na arobaini, twende Turin, mji wa Italia. Huko alikuwako profesa jina lake Angelo Mosso. Alipata mgonjwa mmoja, mkulima, ambaye fuvu la kichwa chake lilikuwa limevunjika kwa ajali, likabaki na tundu lililofunikwa na ngozi. Juu ya tundu lile mapigo ya damu ya ubongo yalionekana yakipanda na kushuka, kama utosi wa mtoto mchanga. Akina mama mnajua ninalosema. Mosso akaweka hapo chombo kilichochora mapigo yale juu ya karatasi.

Siku moja saa sita mchana kengele za kanisa zikalia. Mara mapigo ya ubongo yakapanda, ingawa mapigo ya mkono yalibaki vile vile. Mosso akamwuliza yule mkulima kama kengele zimemkumbusha sala yake ya adhuhuri. Akasema ndiyo, na hapo mapigo yakapanda tena. Kisha Mosso akamwambia azidishe nane kwa kumi na mbili. Yakapanda mara ya tatu.

Zidisheni na ninyi. Nane mara kumi na mbili. Kabla hamjapata jibu, damu imekwisha panda katika sehemu fulani ya bongo zenu, kama ilivyopanda kwa mkulima yule. (Jibu ni 96.)

Hilo ndilo wazo kubwa, na yote yatakayofuata yalitoka humo: mahali ubongo unapofanya kazi, damu huongezeka. Mosso hakuweza kungoja watu wenye matundu vichwani, kwa hiyo katika miaka ya 1880 akatengeneza meza ya mbao iliyokaa kama mizani. Mtu alilazwa juu yake, ikasawazishwa, kisha akapewa jambo la kufikiri. Mosso alisema kwamba upande wa kichwa uliinama, kwa kuwa damu imekwenda huko. Mizani ile haikumfaa mgonjwa hata mmoja, lakini aliyeifikiria hakuwa mjinga.

Mwingine aliyetafuta kipimo alikuwa Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani. Alipokuwa kijana katika jeshi alianguka kutoka juu ya farasi, nusura afe. Siku hiyo hiyo ikaja simu ya maandishi kutoka kwa baba yake kuuliza hali yake, maana dada yake alikuwa ameshikwa na wasiwasi ghafula. Berger akaamini kuwa mawazo yake yamesafiri mpaka nyumbani. Akasoma udaktari ili aitafute nguvu hiyo. Nguvu ya kusafirisha mawazo hakuipata. Alipata kitu kingine, nacho ni cha kweli: mwaka 1924 aliandika kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme yanayotoka katika ubongo wa mtu, na mwaka 1929 akayatangaza. Wataalamu wengi hawakumsadiki mpaka Waingereza wa Cambridge walipoyaona wenyewe mwaka 1934. Mawimbi hayo hupimwa mpaka leo hospitalini, hasa kwa wagonjwa wa kifafa.

Nitapita upesi katika miaka iliyofuata. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya eksirei iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, ambayo ilionyesha ubongo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza waliitumia kuwapiga picha wagonjwa 17 wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili ambamo mtu husikia sauti zisizokuwako au kuamini mambo yasiyo ya kweli. Wakaona kwamba nafasi zenye maji ndani ya bongo za wagonjwa hao zilikuwa kubwa kuliko za watu wazima wa afya. Ilikuwa habari kubwa. Hata hivyo haikuwa kipimo, kwa sababu wako wagonjwa wengi ambao picha zao hazina tofauti na zako wala zangu.

Kisha ikaja mashine ya sumaku, ambayo madaktari huiita MRI. Haina eksirei. Ni sumaku kubwa yenye tundu katikati, na mtu huingizwa humo akiwa amelala chali. Mwaka 1936 wataalamu wa Marekani walikuwa wamekwisha gundua kwamba damu iliyobeba hewa ya oksijeni na damu iliyokwisha itoa haziathiriwi na sumaku kwa namna moja. Jambo hilo lilikaa vitabuni miaka zaidi ya hamsini. Mwaka 1990 Mjapani aliyefanya kazi Marekani, Seiji Ogawa, akaonyesha katika panya kwamba tofauti hiyo yaweza kuonekana katika picha. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani wakafanya hivyo kwa watu. Mosso alikuwa amekufa tangu mwaka 1910, lakini kilichopigwa picha ni kile kile alichokitafuta kwa meza yake ya mbao: damu inayokwenda mahali penye kazi.

Baada ya hapo watu walishikwa na shauku. Kila mwezi magazeti yalitoa picha ya ubongo yenye doa jekundu, na chini yake maneno: hapa ndipo penye upendo, hapa ndipo penye woga. Mwaka 2009 wataalamu wachache wa Marekani wakafanya jambo la kuchekesha lenye maana ndani yake. Walinunua samaki mmoja aliyekufa, wakamtia katika mashine, wakamwonyesha picha za watu, wakamwuliza watu hao wanaona nini moyoni. Hesabu zikafanywa kwa njia iliyotumiwa na wengi, pasipo kusahihisha makosa ya bahati. Doa jekundu likatokea katika ubongo wa samaki! Wengine walikasirika, wengi walicheka, na wahesabuji wakawa waangalifu zaidi.

Lakini mashine ya sumaku ina upungufu mwingine ambao hesabu nzuri haiwezi kuuondoa. Humo ndani mtu hulala bila kujitikisa. Mashine hugonga kwa kelele nyingi. Hukaa humo labda saa moja, naye ameiacha nyumba yake, watoto wake, deni lake na ugomvi wake. Saa moja katika mwaka mzima! Ni kama karani anayetaka kujua habari za duka, akafika Ijumaa moja adhuhuri, akapiga picha, akaenda zake.

Basi hapa tuiache mashine ya sumaku kidogo, tufuate njia nyingine, ambayo kwa miaka mingi ilikwenda peke yake.

Katika miaka ya 1970, mjini Chicago, Marekani, wataalamu wawili, Mihaly Csikszentmihalyi na Reed Larson, walitaka kujua vijana wanaona nini moyoni siku nzima. Waliwapa kila mmoja kijichombo kiitwacho peja, ambacho madaktari walikichukua mfukoni ili waitwe hospitali. Peja ilikuwa ikilia saa yo yote, bila kijana kujua mapema. Inapolia, kijana huandika katika daftari: niko wapi, niko na nani, nafanya nini, naona furaha au huzuni. Haikuwa lazima kukumbuka juma lililopita. Jibu lilipatikana papo hapo, likiwa bado moto.

Kisha simu ya mkononi ikaenea. Mwaka 2004, katika chuo cha MIT huko Marekani, Nathan Eagle na Alex Pentland waligawa simu 100 kwa wanafunzi na wafanyakazi, zikaandika zenyewe nani yuko karibu na nani na mahali gani. Eagle huyo baadaye alifanya kazi Kenya. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitoa uchunguzi uliotumia kumbukumbu za simu za watu karibu milioni 15 wa Kenya, kujua jinsi safari za watu zinavyobeba malaria, kwa mfano kutoka kandokando ya Ziwa Victoria mpaka Nairobi. Mwaona jinsi somo la juma lililopita linavyoingia katika la leo.

Mwaka 2007 ilitoka simu ya iPhone, na baada yake simu nyingi za namna ile, ambazo sisi twaziita simu janja. Labda unayo moja mfukoni sasa hivi. Ndani yake mna vyombo vingi vidogo. Kimoja hujua kama simu inatikisika, yaani kama unatembea au umeketi. Kimoja husikiliza setelaiti angani, kikajua uko barabara gani. Kimoja huona mwanga na giza. Kipaza sauti husikia. Tena simu hujua ni saa ngapi umeifungua na ni muda gani umeitazama. Peja ya Chicago ilimwuliza mtu. Simu janja yaweza kuandika habari zake bila kumwuliza neno. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sisemi kwamba simu yakula. Nasema tu kwamba imo nguoni.

Mwaka 2013, katika Chuo cha Dartmouth, huko New Hampshire, Marekani, Profesa Andrew Campbell na wenzake walichukua wanafunzi 48 waliokubali, wakatia programu katika simu zao kwa majuma 10, muhula mzima. Programu ile ilikisia kila siku mwanafunzi amelala saa ngapi, kwa kutazama giza, kimya, na simu iliyotulia. Ilikisia ametembea kiasi gani. Ilijua kama kuna mazungumzo karibu naye, lakini haikuhifadhi maneno yenyewe, ila tu kwamba watu wanazungumza, na kwa muda gani.

Mambo yaliyoonekana yangewafahamu wanafunzi wo wote. Muhula ulipoanza walikuwa wachangamfu: walilala vizuri, walizungumza sana, walitembea huku na huku. Mitihani ilipokaribia, taabu ya moyo ikapanda, usingizi ukapungua, mazungumzo yakapungua, na mwendo pia. Tena wale waliokuwa na dalili nyingi za sonona, simu zao zilionyesha usingizi mchache na mazungumzo machache. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern nao walitazama njia wanazopita watu kwa majuma mawili. Waliona kwamba wenye dalili nyingi za sonona walitembelea mahali pachache, na siku zao hazikuwa na utaratibu wa kutoka na kurudi. Hao walikuwa watu 28 tu. Ikumbukeni hesabu hiyo, maana nitairudia.

Sasa tuna mashahidi wawili. Wa kwanza, mashine ya sumaku, ameingia ndani ya nyumba na kuona vyumba vyake, lakini kwa saa moja. Wa pili, simu, amesimama njiani mwezi mzima akiona nani anatoka na nani anaingia, lakini ndani hajafika. Katika baraza la wazee mashahidi wa namna hiyo wangeitwa wote wawili. Ajabu ni kwamba hawawezi kukutana. Chumba cha mashine ya sumaku hakiruhusu simu, wala funguo, wala saa ya chuma. Mtu huacha simu yake mlangoni. Maneno ya mashahidi hawa huunganishwa baadaye katika hesabu, kwa namba ya siri ambayo kila mtu hupewa badala ya jina lake.

Wale wa Dartmouth walikuwa kati ya watu wa kwanza kuunganisha hivyo. Walitoa maandishi yao mwaka 2019. Ili mwelewe walichofanya, lazima niwaeleze jambo moja la ubongo. Mtu akilala katika mashine bila kazi yo yote, damu katika sehemu za ubongo hupanda na kushuka polepole. Sehemu mbili zinazopanda na kushuka pamoja husemwa kwamba zimeungana kikazi. Fikirini mashua mbili zilizo mbali baharini, na wapiga makasia wa mashua zote mbili wanainua na kushusha kwa wakati mmoja. Utasema wanasikia wimbo mmoja, hata kama wewe huusikii.

Wataalamu wale walichagua sehemu moja ndogo iliyo ndani kabisa, katikati, upande wa chini nyuma ya paji la uso. Hawakuichagua kwa kubahatisha. Mwaka 2005 huko Toronto, Kanada, daktari Helen Mayberg na wenzake walitia nyaya nyembamba za umeme mahali hapo kwa wagonjwa sita wa sonona ambao dawa zote ziliwashinda, na wanne kati yao wakapata nafuu kubwa. (Majaribio ya watu wengi zaidi yaliyotangazwa mwaka 2017 hayakuleta matokeo mazuri kama hayo katika miezi sita ya kwanza, na jambo hilo lingali likichunguzwa.) Basi katika wanafunzi wa Dartmouth ikaonekana hivi: wale walioshika simu zao wazi kwa muda mrefu zaidi kila siku, sehemu ile ndogo iliungana kwa nguvu zaidi na sehemu jirani iliyo juu ya macho. Wakatazama pia dalili za sonona mahali pale pale. Kisha wakajaribu kwa kundi la pili la wanafunzi, na matokeo yakarudi, lakini nusunusu. Napenda kwamba waliandika wazi kuwa ni nusunusu.

Je, simu imebadilisha ubongo? Au mtu mwenye ubongo wa namna ile ndiye apendaye kujificha katika simu? Au kuna jambo la tatu, kama upweke wa mgeni chuoni, linalosukuma yote mawili? Uchunguzi ule hauwezi kujibu. Mtu ye yote atakayewaambia kwamba imethibitishwa kuwa simu huharibu ubongo, mwulizeni amejuaje lipi lilitangulia.

Ujerumani, katika mji wa Mannheim, kuna taasisi ya maradhi ya akili ambayo iliuliza swali tofauti, na kwa maoni yangu swali lao lilikuwa zuri zaidi. Heike Tost, Markus Reichert, Andreas Meyer-Lindenberg na wenzao walitaka kujua nani hasa afaidikaye na miti. Walichukua vijana 33 wakaao mjini, kisha wengine 52 ili kuhakikisha. Kwa juma moja kila mmoja alichukua simu iliyojua mahali alipo, na simu ikamwuliza hali ya moyo wake kadiri alivyokwenda huku na huku. Watu walipokuwa karibu na miti na majani, waliona nafuu. Kisha wakaingia katika mashine ya sumaku. Wale ambao sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kutuliza hisia mbaya, ilifanya kazi kidogo, ndio ambao miti iliwafaa zaidi. Kana kwamba bustani ya mji ilifanya nje kazi ambayo ndani ilikuwa haba. Uchunguzi huo ulitangazwa mwaka 2019, na bila simu na mashine kuwa pamoja usingewezekana. Simu peke yake ingesema miti ni mizuri kwa watu wote. Mashine peke yake isingejua kwamba kuna miti.

Mwaka uliofuata, 2020, wengine walitangaza habari za watu 132 wa New York na Miami, ambao simu zao zilifuatwa miezi mitatu minne. Siku walizokwenda mahali pa namna nyingi, walikuwa na furaha zaidi. Karibu nusu yao walipigwa picha za ubongo. Kwa wale ambao uhusiano huo ulikuwa mkubwa, sehemu ya ubongo ya kukumbuka mahali na sehemu ya kufurahia mambo mema ziliungana zaidi.

Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa korona uliingia, vyuo vikafungwa. Wale wa Dartmouth walikuwa bado wakifuata zaidi ya wanafunzi 200, na simu zao zikaonyesha watu walioketi zaidi, huku dalili za wasiwasi na sonona zikipanda. Wataalamu hawa hawakuwa wamepanga kuchunguza msiba. Msiba uliwakuta na daftari limefunguliwa.

Sasa nirudie hesabu. Watu 28. Watu 33. Watu 52. Watu 132. Mwaka 2022 ilitoka karatasi moja iliyowastua wengi. Scott Marek na wenzake walikusanya picha za bongo za watu kiasi cha 50,000, wakaonyesha kwamba ukitaka kulinganisha tofauti za bongo za watu na tofauti za tabia zao, mara nyingi wahitaji maelfu ya watu, maana uhusiano wenyewe ni mdogo. Uchunguzi wa kawaida ulikuwa na watu wapatao 25 tu. Ukionja chumvi katika kijiko kimoja cha mchuzi uliokorogwa vizuri, utajua chungu kizima. Lakini watu hawajakorogwa. Kwa sababu hiyo kazi nyingine zimepangwa kuwa kubwa sana. Huko Uingereza, shirika liitwalo UK Biobank lilianza mwaka 2014 kupiga picha za watu, na mwaka 2025 likafikia watu 100,000; baadhi ya watu wa kundi lile walikuwa wamevaa pia kipima mwendo mkononi kwa juma moja.

Wako walioona kwamba fedha zitakuja kabla ya ujuzi. Daktari Thomas Insel, aliyeongoza taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili tangu mwaka 2002 mpaka 2015, aliacha kazi hiyo akaenda katika makampuni ya mitambo. Mwaka 2017 alijiunga na kampuni ya Mindstrong, iliyotumaini kujua hali ya akili ya mtu kwa jinsi vidole vyake vinavyogusa simu. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 2023. Mpaka leo hakuna picha ya ubongo, wala programu ya simu, ambayo peke yake imekubaliwa kuwa kipimo cha sonona. Daktari bado huuliza, na mgonjwa bado hujibu.

Na liko jambo la siri. Nimesema kwamba majina huondolewa na namba hutiwa mahali pake. Je, yatosha? Mwaka 2013 wataalamu walichukua kumbukumbu za simu za watu milioni moja na nusu, zisizo na majina. Wakaona kwamba ukijua mahali panne tu alipopita mtu, na saa aliyopita, waweza kumtambua kati ya hao wote, mara 95 katika mia. Hesabuni mahali penu panne: nyumbani alfajiri, kazini saa mbili, sokoni saa kumi, msikitini au kanisani jioni. Nani mwingine katika mji wenu ana mahali hapo panne kwa saa hizo hizo? Sasa ongezeni juu yake picha ya ubongo, na maneno kwamba mtu huyu ana dalili za sonona. Mwajiri angependa kuiona karatasi hiyo. Mchumba pia. Ndiyo maana kila anayeingia katika uchunguzi wa namna hii hupewa kwanza hati ya kusoma na kutia sahihi, naye ana haki ya kutoka siku yo yote bila kueleza sababu.

Mwalimu, maswali mawili kwa darasa, wajadili kabla ya kwenda nyumbani. La kwanza: kama ndugu yako amekuwa na sonona mara mbili, na simu yake yaweza kutoa habari mapema kwamba halali wala hatoki nje, habari hiyo ipelekwe kwa nani: kwake mwenyewe, kwa daktari, au kwako? La pili, la kuandika daftarini kwa sentensi tatu: taja jambo moja ambalo simu yako inalijua juu yako, na ambalo jirani yako halijui.

Kwaherini mpaka juma lijalo, saa ile ile.